Sura ya Sita: Wazi kwa Nani?

Desemba 2021 kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, mkoani Kigoma, Tanzania, ilifungwa. Warundi waliokuwa wamebaki humo walipakiwa kwenye magari pamoja na vyombo vyao, wakapelekwa Nduta, upande wa Kibondo. Mtendeli ilikuwa imefunguliwa upya Januari 2016, baada ya kambi ya Nyarugusu ya Kasulu kufurika watu waliokimbia machafuko yaliyoanza Bujumbura Aprili 2015, pale Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alipotangaza kugombea muhula wa tatu. Haikuchukua mwaka, kambi ikafikisha watu wapatao 50,000, katika eneo la Kakonko ambako maji yalikuwa shida tangu siku ya kwanza.

Magari yale yalibeba watu na mizigo. Taarifa zao hazikuhitaji gari. Jina la mama, tarehe aliyovuka mpaka, mahali alikotoka, ndugu aliopotezana nao njiani, chanjo za mtoto wake: hayo yalishaingia kwenye mifumo ya kompyuta ya mashirika na ya serikali, na seva zenyewe, yaani kompyuta zinazohifadhi taarifa hizo, ziko mbali na Kakonko. Kwa mtu wa kawaida, orodha ikivuja ni usumbufu; atabadilisha namba ya simu, maisha yaendelee. Kwa mkimbizi, orodha inayosema yuko wapi na alikimbia nini inaweza kumfikia mtu yuleyule aliyemkimbia. Hofu hiyo haikuwa ya kufikirika. Novemba 2020 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti iliyodai kwamba wakimbizi wa Kirundi mkoani Kigoma walikamatwa, wengine wakateswa na wengine wakatoweka.

Mwezi uleule Mtendeli ilipokuwa ikifungwa, wataalamu wa kompyuta dunia nzima walikuwa hawalali. Tarehe 10 Desemba ilikuwa imejulikana kila kona kwamba programu ndogo iitwayo Log4j ina tundu la hatari. Log4j ni programu huria, maana yake msimbo wake, yaani maandishi ya mwandishi wa programu yanayoiambia kompyuta ifanye nini, uko wazi mtandaoni kwa yeyote anayetaka kuusoma, kuunakili au kuurekebisha. Kazi yake ni kuandika daftari la matukio ya seva: nani ameingia, saa ngapi, kosa gani limetokea. Iko ndani ya maelfu ya programu nyingine zilizoandikwa kwa lugha ya Java, na watu wengi waliokuwa wakiitumia hawakujua kwamba wanayo.

Mwaka 2013 Log4j iliongezewa uwezo mpya. Ikikutana na maandishi fulani yanayoanza na alama ya dola na mabano, haikuishia kuyaandika kama yalivyo. Iliyatii, hata kama yaliiagiza iende kwenye kompyuta nyingine ikachukue msimbo na kuuendesha. Kwa hiyo mdukuzi hakuhitaji nenosiri. Alifungua ukurasa wa kuingilia, akaandika mstari mmoja pale panapotakiwa jina la mtumiaji, akabonyeza. Seva ilimkatalia kuingia, kisha kwa utiifu ikaandika kwenye daftari kwamba mtu fulani amejaribu kuingia akashindwa. Kwa kuandika hivyo tu, ikamfungulia.

Mstari wa msimbo uliosababisha balaa hilo ulikaa hadharani miaka minane. Hakuna aliyekatazwa kuusoma. Hapo ndipo swali la sura hii linapopata uzito: kama kitu kilicho wazi kiasi hicho kinaweza kukaa na tundu kwa miaka minane, programu huria ina sababu gani ya kuaminiwa na taarifa za mtu ambaye maisha yake yanategemea zisivuje?

Kutoka kitabu cha MTUHA hadi seva

Swali hili linaihusu Tanzania kuliko inavyodhaniwa. Ingia zahanati yoyote ya serikali, ya Kibondo, ya Kasulu au ya Tandahimba, utakuta mezani vitabu vikubwa vya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje, namba 6 ni cha wajawazito. Muuguzi anaandika kwa kalamu, mstari kwa mstari: jina, umri, kijiji, tatizo, dawa. Mwisho wa mwezi anahesabu, anajaza ripoti, na ripoti inakwenda kwa mratibu wa MTUHA wa wilaya, ambaye anaziingiza tarakimu kwenye kompyuta. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, zinapoingia ni kwenye DHIS2.

DHIS2 ni programu huria. Mizizi yake iko Afrika Kusini, katika juhudi za kuunganisha taarifa za afya zilizogawanywa na ubaguzi wa rangi. Leo Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kinachosimamia maendeleo yake, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wake wa miaka mingi. Kenya ilitangulia Afrika mwaka 2011 kwa kuiweka nchi nzima kwenye seva moja ya mtandaoni. Tanzania ikafuata, na Uganda na Rwanda nazo zimo. Ripoti ya mwezi inabeba jumla tu, haina majina. Lakini juu ya DHIS2 hiyohiyo zimejengwa sajili zinazomfuatilia mgonjwa mmoja mmoja, kwa mfano ile ya kifua kikuu na ukoma, na humo jina lipo.

Mashirika yanayohudumia wakimbizi nayo hutumia sana programu huria. Mtoa huduma anayepita nyumba kwa nyumba na kishikwambi, akiuliza idadi ya watoto na umbali wa bomba la maji, mara nyingi anajaza fomu ya KoboToolbox, iliyozaliwa mikononi mwa watafiti wa Harvard na kujengwa juu ya ODK, programu huria nyingine ambayo Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuijaribu. Kwa upande mwingine, mfumo mkuu wa usajili wa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, uitwao proGres, umejengwa juu ya bidhaa ya Microsoft ambayo msimbo wake umefungwa. Mkimbizi mmoja wa Nduta anaweza kuwa ndani ya aina zote mbili kwa siku moja, na hakuna anayemuuliza anaiamini ipi.

DHIS2 imeandikwa kwa Java, na Log4j ilikuwa ndani yake. Desemba ile Oslo walitoa tahadhari pamoja na matoleo yaliyorekebishwa.

Kitasa kinachouzwa dukani

Anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba msimbo wa mfumo wa afya wa nchi uko wazi mtandaoni hushtuka. Si ni kuwaonyesha wezi ramani ya nyumba?

Jibu lilitolewa mwaka 1883, kabla ya kompyuta. Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha Ufaransa, aliandika kuhusu siri za kijeshi na kusisitiza kwamba mfumo wa kuficha ujumbe lazima ubaki salama hata ukiangukia mikononi mwa adui. Kinachopaswa kuwa siri ni ufunguo peke yake. Fikiria kitasa ulichonunua dukani Kibondo mjini. Fundi aliyekifunga anajua kinavyofanya kazi, muuza duka anajua, na mwizi naye anaweza kununua cha aina hiyo akakifungua kwao aone springi na pini zake. Bado mlango wako umefungwa, kwa sababu ufunguo wako ni wako. Kitasa ambacho usalama wake unategemea watu wasijue kilivyoundwa kitaharibika siku fundi mmoja atakapogombana na tajiri wake.

Dunia imekubali hoja hiyo kwa vitendo. Marekani ilipotaka njia mpya ya kuficha data, mwaka 1997 ilitangaza shindano la wazi. Waliojitokeza walichapisha njia zao, na wenzao wa mataifa yote wakaalikwa kuzivunja. Iliyoshinda ilikuwa kazi ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, na mwaka 2001 ikawa kiwango rasmi. Inaitwa AES, na ndiyo inayolinda sehemu kubwa ya ujumbe na miamala inayopita mitandaoni leo. Imeaminiwa kwa sababu mahasimu wake wamejaribu kuivunja hadharani kwa zaidi ya miaka 20, wakashindwa.

Upande wa pili kuna Crypto AG. Kampuni hii ya Uswisi iliziuzia serikali zaidi ya 120 mashine za kuficha mawasiliano. Februari 2020 gazeti la Washington Post na televisheni ya ZDF ya Ujerumani walifichua kwamba kwa miongo mingi kampuni hiyo ilikuwa mali ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA, pamoja na wenzao wa Ujerumani Magharibi. Mashine zilichezewa makusudi ili wenye kampuni wasome barua za wateja. Serikali zililipia siri, zikawa zinagharimia kusikilizwa kwao wenyewe. Zingewezaje kujua, ilhali mnunuzi hakuruhusiwa kuona ndani?

Hoja hiyo ni nzito, na watetezi wa programu huria wana haki ya kuiegemea. Tatizo ni kwamba wengi wao huishia hapo. Kuruhusiwa kuona ndani ni jambo moja. Kuwepo kwa mtu aliyeangalia ni jambo jingine.

Macho yaliyodhaniwa yapo

Imani maarufu ya wapenzi wa programu huria ni kwamba macho yakiwa mengi, hakuna kosa litakalojificha. Aprili 2014 imani hiyo ilipata pigo. OpenSSL ni programu huria iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia, zikiwemo za benki, hospitali na serikali. Usiku wa kuamkia mwaka 2012 iliingizwa ndani yake sehemu mpya ya kupima kama mawasiliano bado yako hai. Kompyuta ya mteja inatuma neno, inataja neno lina herufi ngapi, na seva inalirudisha neno hilo. Kosa lilikuwa dogo ajabu: seva haikuhakiki hesabu. Ukituma neno la herufi mbili ukadai ni herufi 64,000, seva iliamini. Ilirudisha zile mbili, kisha ikajazia kwa chochote kilichokuwa jirani kwenye kumbukumbu yake, yakiwemo manenosiri ya watu wengine na hata funguo za siri za seva yenyewe. Tundu hilo likabatizwa jina la Heartbleed. Huko Canada mamlaka ya kodi ilipoteza namba za utambulisho za watu wapatao 900 kabla haijawahi kuziba.

Miaka miwili na zaidi kosa lilikaa wazi. Macho yalikuwa wapi? Baada ya tukio ilibainika kwamba OpenSSL ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na mtu aliyeishughulikia kwa muda wake wote alikuwa mmoja. Kampuni zenye mabilioni ziliitumia bure, kila moja ikidhani nyingine imeikagua. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hapa waliomtegemea ndugu walikuwa matajiri, na ndugu mwenyewe ndiye aliyekuwa maskini. Log4j ilikuwa na hadithi ileile. Waliokesha kuirekebisha Desemba 2021 walikuwa watu wenye ajira zao kwingine, wakiifanya kazi hiyo kwa kujitolea, huku wakitukanwa mitandaoni kwa kuchelewa. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wametoa matoleo manne, kwa sababu marekebisho ya kwanza hayakutosha.

Lakini haki itendeke. Heartbleed iligunduliwa na timu mbili zilizofanya kazi bila kujuana, moja ya Google na nyingine ya kampuni ya Codenomicon ya Finland. Tundu la Log4j liliripotiwa na mtaalamu wa kampuni ya Alibaba, China. Hakuna kati yao aliyehitaji kibali cha mwenye programu ili aanze kuchunguza. Uwazi uliwapa nafasi hiyo, ila haukuamua ni lini wangeitumia.

Aliyejitolea kusaidia

Makosa ya bahati mbaya yana dawa. Kinachotisha zaidi ni mtu anayeingia kwa nia mbaya.

Kuna programu huria iitwayo xz, ya kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Iko kwenye karibu kila kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux. Mwenye kuitunza, Lasse Collin wa Finland, aliibeba karibu peke yake kwa miaka mingi, bila malipo. Mwaka 2021 alijitokeza msaidizi mwenye adabu aliyejiita Jia Tan. Alileta marekebisho madogo mazuri. Mwaka uliofuata zikaanza kuja barua pepe kutoka kwa watu wasiojulikana, wakimsimanga Collin kwamba anachelewesha mambo na kumtaka akabidhi kazi kwa mwingine. Collin aliwajibu kwamba amechoka na afya yake ya akili si nzuri. Taratibu Jia Tan akapewa madaraka, mwisho akawa ndiye anayetoa matoleo mapya.

Februari na Machi 2024 alitoa matoleo mawili yenye mlango wa siri, ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuingia kwenye seva kwa njia ya SSH, ileile wanayoitumia mafundi wanaohudumia seva kutoka mbali. Ufundi wake ndio wa kutazama kwa makini. Sehemu kuu aliificha ndani ya mafaili ya majaribio, yale ambayo kwa kawaida huwa na data ovyoovyo na hakuna anayeyasoma. Maelekezo ya kuiamsha hakuyaweka kwenye msimbo unaosomwa na umma; aliyatia kwenye kifurushi cha kupakua peke yake. Mtu aliyesoma msimbo wa wazi neno kwa neno asingeyaona. Kikulacho ki nguoni mwako.

Aliyegundua ni Andres Freund, mwajiriwa wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, hifadhidata huria ambayo DHIS2 nayo huhifadhi taarifa zake ndani yake. Hakuwa akitafuta wadukuzi. Alikuwa akipima kasi ya kazi yake, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida. Wengi wangepuuza. Yeye alichimba, na kwa kuwa kila tabaka la programu lilikuwa wazi mbele yake, aliweza kuchimba hadi chini kabisa. Tarehe 29 Machi 2024 alitangaza alichokiona, na matoleo yale yakaondolewa kabla hayajafika kwenye seva nyingi za kazi.

Kisa hiki hutumiwa na pande zote mbili, na zote zina haki. Uwazi ulimpa mgeni asiyejulikana nafasi ya kuingia hadi jikoni. Uwazi huohuo ulimwezesha mtu mwingine, mfanyakazi wa kampuni nyingine kabisa, kumfichua bila kuomba ruhusa. Ila usisahau nusu sekunde. Mfumo unaotegemea mtu mmoja awe na udadisi siku fulani umeponea chupuchupu, na kuponea chupuchupu si ulinzi.

Na kilichofungwa je?

Anayesoma mpaka hapa anaweza kuamua kwamba heri kununua bidhaa ya kampuni kubwa, yenye mkataba na watu wa kulaumiwa. Kabla hajalipa, asome yaliyolipata shirika la Msalaba Mwekundu, na haya yanawagusa watu wa kambi za Kigoma moja kwa moja.

Miongoni mwa kazi za Msalaba Mwekundu kambini ni kuwaunganisha waliopotezana: mama aliyevuka mpaka bila mwanawe, kijana asiyejua kama baba yake yuko hai. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na vyama vya kitaifa huifanya kazi hiyo pamoja duniani kote. Tarehe 18 Januari 2022 kamati hiyo iligundua kwamba wadukuzi wameingia kwenye seva zilizohifadhi taarifa za watu zaidi ya 515,000, zilizokusanywa na vyama vya kitaifa visivyopungua 60: waliopotea, wafungwa, wakimbizi. Uchunguzi ulionyesha kwamba wavamizi walikuwa ndani tangu tarehe 9 Novemba 2021. Siku 70.

Waliingilia wapi? Kwenye sehemu ya kuthibitisha watumiaji, bidhaa ya kampuni ya kibiashara ambayo msimbo wake umefungwa. Tundu lake lilishajulikana, na kampuni ilishatoa marekebisho Septemba 2021. Kamati ilikiri yenyewe hadharani kwamba marekebisho hayo hayakuwekwa kwa wakati.

Liweke tukio hilo kando ya Log4j. Moja msimbo umefungwa, nyingine uko wazi. Moja ina kampuni na ankara, nyingine ina wajitoleaji. Lakini kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye seva, hatari ilikaa mahali pamoja: katika siku zinazopita kati ya marekebisho kutoka na marekebisho kuwekwa. Kila marekebisho yakitangazwa, yanamwambia mwenye seva azibe wapi, na papo hapo yanamwambia mwizi achimbe wapi. Kwa programu huria ni dhahiri zaidi, kwa sababu mwizi anaweza kulinganisha msimbo wa jana na wa leo akaona mstari uliobadilika. Log4j ilipotangazwa, zilipita saa chache tu seva duniani kote zikaanza kupigwa hodi. Tangu dakika ile mashindano yalikuwa kati ya mwizi na fundi wa seva, na sifa za msimbo wazi au uliofungwa hazikumsaidia fundi aliyekuwa likizo.

Fundi yuko wapi?

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaouliza kama programu huria inaaminika, kana kwamba uaminifu ni rangi iliyopakwa kiwandani. Programu huria inakupa haki tatu: ya kuangalia, ya kurekebisha, na ya kumpa mwingine akuangalizie. Usipozitumia haki hizo, unabaki na hatari zake tu. Nchi ambazo bajeti zake hazitoshi ndizo zinazoipenda zaidi, kwa sababu ya neno bure, na ndizo mara nyingi zisizo na mtu wa kuzitumia haki zenyewe.

Tanzania ina faida moja ambayo haisemwi vya kutosha. Kwa kuwa DHIS2 iko wazi, kwa miaka mingi vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameifungua, wameibadilisha na kuifundisha kwa wengine. Mfumo wa kununua usingewapa nafasi hiyo. Wangekuwa wateja wanaopiga simu ughaibuni na kusubiri. Nchi yenye watu kadhaa wanaoufahamu mfumo wake kwa ndani inaweza kuweka marekebisho usiku huohuo yalipotoka, bila mkataba mpya. Huo ni usalama wa kweli, na ulitokana na uwazi. Lakini unakaa vichwani mwa watu, na watu huhama, hupata kazi kwingine, au hulipwa na mradi wa mfadhili unaoisha Juni.

Tena kuna mambo ambayo msimbo hauyafikii kabisa. Katika ofisi nyingi nchini nenosiri moja hutumiwa na watu wanne, na akihama mmoja halibadilishwi. Kishikwambi chenye fomu za kaya 40, kikisubiri mtandao ili kizitume, husafiri kwenye pikipiki bila kufungwa kwa namba ya siri. Nakala ya data hutumwa kwa WhatsApp ili bosi aione haraka. WhatsApp yenyewe ni mfano mzuri wa mchanganyiko: njia inayoficha ujumbe wake inatokana na kazi ya wazi ya waandishi wa programu ya Signal, ila programu yenyewe imefungwa. Mwaka 2019 tundu kwenye sehemu yake ya kupiga simu lilitumika kupandikiza programu ya kijasusi ya Pegasus, na simu kama 1,400 zililengwa. Hisabati ya kuficha ujumbe haikuvunjwa. Simu ndiyo iliyoingiliwa.

Sheria sasa ipo. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia mifumo ya umma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Haimuulizi kama programu yake ni huria au ya kununuliwa, na haijakosea.

Kwa hiyo mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa shirika au daktari anayeletewa mfumo mpya aache kuuliza kama msimbo uko wazi kana kwamba jibu ni ndiyo basi, au hapana basi. Aulize ni nani anayeutunza kwa sasa, na anaishi kwa mshahara gani. Aulize tundu la mwisho lilizibwa lini, na likapita muda gani kati ya kutangazwa na kuzibwa kwenye seva yetu, si ya Oslo. Aulize nani hapa anaweza kuufungua akauelewa bila kumpigia mtu simu. Aulize kwa nini tunahitaji jina la mgonjwa pale ambapo jumla ingetosha, kwa maana taarifa ambayo haikukusanywa haina wa kuiiba. Muuzaji wa mfumo uliofungwa atayajibu maswali hayo kwa ahadi. Mwenye programu huria anaweza kuyajibu kwa ushahidi, na ushahidi huo kila mtu anaweza kuukagua. Tofauti hiyo inatosha kunifanya nichague programu huria kwa ajili ya sajili ya wagonjwa wa kambini, kwa sharti moja ambalo silipunguzi hata kidogo: bajeti iwe na mstari wa mtu wa kuitunza, kila mwaka, mfadhili awepo au asiwepo.

Leseni ni bure. Fundi wa seva si bure. Halmashauri au shirika linalofurahia la kwanza na kukataa kulipia la pili halijaokoa fedha. Limehamishia gharama kwa mama wa Nduta, ambaye hakuulizwa, hakusaini chochote, na ndiye atakayelipa siku orodha itakapovuja.